Mwalimu wa machimbo naye apande ku jukwaa

Karibu kila mwaka, walimu, maminisita na wauzaji wa mashine za masomo wanakutana mu mji fulani wa Afrika kwa mkutano unaoitwa eLearning Africa. Ulianza Addis Ababa mwaka 2006. Kisha ukapita Nairobi mwaka 2007, Kampala 2014, Kigali 2018, na miji mingine. Mwezi wa tano 2025 ulirudi Dar es Salaam, pahali ulikwisha kufika mwaka 2011.

Ku mikutano ya namna ile, desturi ni moja. Mtu anapanda ku jukwaa, anawasha mashine yake, picha inatokea ku ukuta: mtoto ameshika tableti, anacheka. Anaeleza mradi wake dakika chache, watu wanapiga makofi, mwingine anapanda. Mangaribi kila mtu anarudi ku hoteli na karatasi mingi mu mkoba.

Wewe uko ku shimo upande wa Bafwasende, ao ku njia ya Banalia, unaosha mchanga. Mama ya watoto anauza unga na sabuni pembeni ya kambi. Utasema: ile mkutano ya wakubwa inanihusu nini? Inakuhusu. Maneno yanayosemwa kule ndiyo yanageuka kuwa miradi. Na miradi, siku moja, inafika ku shule ya mtoto wako na katoni, na picha, na viongozi wanaokata riboni. Kisha miaka miwili, katoni inalala mu biro ya direkta, funguo iko kwa mtu aliyehamishwa. Njo maana tunaandika leo: tunataka mtu anayejua kalasi ya machimbo aseme kwanza, mbele katoni haijafika.

Kuko sababu nyingine tena, na mchimbaji ataisikia upesi. Ndani ya ile tableti mna zahabu kidogo ku njia ndogo ndogo zinazopitisha umeme. Mna tantali inayotoka mu koltani. Ndani ya batri mna kobalti, na Kongo ndiyo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima. Kwa hiyo, wakati mtu anainua tableti ku jukwaa la Dar es Salaam ao Kigali, anainua pia kazi ya mikono ya Wakongomani. Si haki mtoto wa aliyechimba akae chini ku udongo bila daftari, na picha ya mtoto mwingine ipigiwe makofi. Lakini kulalamika peke yake hakufundishi mtoto kusoma. Tuulize swali la mchimbaji: huu mchanga umepimwa?

Hakuna mchimbaji anayefungua shimo la metre kumi kwa sababu mtu mwenye viatu safi alimwambia kule chini mna zahabu. Anachukua kwanza mchanga kidogo, anauosha mu karai, anaangalia. Kama haoni kitu, anasogea. Mambo ya mashine ku shule, dunia imekwisha kuosha mchanga mara mingi. Matokeo iko. Tuyaangalie.

Inchi ya Peru, kule Amerika ya Kusini, ilinunua kompyuta zaidi ya 800,000 kwa watoto wa shule, kuanzia karibu mwaka 2008. Ilikuwa ule mpango wa kila mtoto na kompyuta yake. Mwaka 2012, watafiti walitoa hesabu: watoto walitumia kompyuta kweli, lakini mu hesabu na mu kusoma hawakuonekana kuwapita wale ambao hawakupewa. Walimu walikuwa wamefunzwa kidogo tu, na kazi ya kila siku mu kalasi ilibaki ileile. Rwanda nayo iliingia mu mpango ule mwaka 2008.

Kenya, mu kampeni ya mwaka 2013, wanasiasa waliahidi kompyuta kwa kila mtoto anayeanza shule. Mwaka 2016 tableti zikaanza kufika, na mwishoni zikapita milioni moja. Mbele ya kuzigawa, Leta ya kule ilipeleka kuran ku maelfu ya shule za msingi. Na hapa kuko fundisho. Tableti inazeeka kisha miaka michache: kioo kinapasuka, batri inakufa. Kuran inabaki. Taa inabaki. Shule iliyopata umeme inaweza kufundisha wazazi kusoma mangaribi. Ku mpango ule, kitu ambacho watu hawakupigia picha sana ndicho kilikuwa na faida ya kudumu.

Mwaka 2023, Unesco ilitoa ripoti kubwa juu ya teknolojia mu masomo. Ilisema wazi kwamba ushahidi mzuri ni kidogo, na kwamba sehemu kubwa ya ushahidi unatoka kwa walewale wanaouza mashine. Wachimbaji hawahitaji mtu awaeleze hii. Ni mnunuzi anayekuja ku shimo na mizani yake mwenyewe. Anapima yeye, anasoma yeye, analipa yeye. Je, unamwamini? Basi na ku jukwaa ni vile: anayeuza tableti asikuwe yeye tena anayetuambia kama tableti imefundisha.

Sasa upande wa pili, kwa sababu kuko mashine iliyofanya kazi: redio. Inaonekana kitu cha wazee, hakuna anayeipigia makofi. Lakini Kenya, mwanzo wa miaka ya 1980, ilijaribu kufundisha Kiingereza kwa redio ku shule za vijiji, na watoto wa kalasi za redio waliwapita wenzao. Huku kwetu, mbele Province Orientale haijakatwa mu vipande vinne mwaka 2015, masomo ya redio yalifika mu kalasi za msingi kupitia mradi wa Wamarekani ulioitwa PAQUED, kuanzia 2009 mpaka 2014. Équateur na Bandundu nazo zilikuwa ndani. Na mwaka 2020, wakati korona ilifunga shule zote kuanzia mwezi wa tatu, Radio Okapi ilipitisha masomo mu kipindi kilichoitwa Okapi École. Mtoto aliyekuwa na redio mu nyumba alisikia sauti ya mwalimu. Aliyengojea intaneti, aliendelea kungojea.

Redio ya masomo inafanya kazi namna hii: sauti inauliza swali, inanyamaza, watoto wanajibu pamoja, sauti inaendelea. Mwalimu yuko palepale, anaandika ku ubao, anaangalia nani amejibu na nani anajificha nyuma ya mwenzake. Mashine haichukui pahali pa mwalimu. Inamwongezea nguvu, zaidi sana yule mwalimu mwenye kalasi ya watoto themanini na kitabu kimoja. Hii njo tofauti kati ya yale yaliyofaulu na yale yaliyolala mu katoni.

Turudi sasa ku Tshopo. Hata hapa Kisangani, mji wa sita komini, wenye barrage yake ku mto Tshopo, kuran ni mgeni: anaingia bila hodi, anatoka bila kuaga. Ile sentrali iko na mashine tatu, na watu wa Mangobo na Kabondo wanajua inamaanisha nini wakati moja inaharibika. Ngambo ya mto, ku Lubunga, wako watoto waliokimbia vita vya Mbole na Lengola tangu mwaka 2023. Kwao tatizo la kwanza ni bati na benchi. Ukienda ku Banalia, kilometa karibu 128, ao ku Bafwasende, mara mbili ya pale, ukiacha njia kubwa na kuingia mu pori mpaka ku machimbo, rezo inakatika mbele ya barabara kukatika. Mtu anayepanga masomo ya intaneti kwa kambi ya namna ile hajafika kule.

Lakini mtu anayesema ku machimbo hakuna teknolojia, yule naye hajafika kule. Teknolojia iko! Karibu kila kambi iko na mtu mwenye pano ya jua na meza ya kuchaji telefoni kwa feza. Iko nyumba ya video, na grupu yake inayonguruma kila mangaribi, na watoto wanalipa kuangalia filimu za vita. Bafle iko, mziki unasikika mpaka ku mto. Karti za memori zinauzwa pamoja na biskuti. Kama kambi inapata esansi ya kuonyesha filimu saa tatu, haiwezi kusema imekosa umeme wa kuchaji bafle moja ya mwalimu. Inayokosekana si mashine. Ni mapatano.

Kwa hiyo sisi tunasema mpango wa kwanza wa teknolojia kwa shule ya machimbo ni huu, na bei yake haitishi mtu: telefoni ya mwalimu, karti moja ya memori yenye masomo ya redio yaliyorekodiwa kwa programu ya taifa, bafle moja, pano ndogo ya jua. Intaneti haihitajiki. Karti inapelekwa ku kambi na motadi, sawa vile sukari inapelekwa. Kwa kalasi za kwanza masomo yawe mu lugha ambayo mtoto anaota nayo, Kiswahili ao Lingala. Sheria ya mwaka 2014 juu ya elimu ya taifa inaruhusu lugha za taifa zifundishie watoto wadogo. Na ubao uwe mweusi kweli, na chaki iwe mingi. Chaki nayo ni teknolojia, na haijawahi kukosa rezo.

Kuko faida nyingine ya ile karti, na wazazi wa machimbo wataiona mara moja. Ninyi mnahama. Shimo linakauka, habari inatoka kwamba kule mbele zahabu imetokea, na kisha juma moja kambi inabaki na majivu tu. Mtoto aliyekuwa mu kalasi ya tatu anafika kwingine katikati ya mwaka, hakuna anayejua alifika wapi mu kitabu. Wanamrudisha kalasi ya pili, ao anaona haya, anaacha. Anaanza kubeba maji ya kuoshea mchanga. Na pale mlango wa shule umefungwa: sheria inampa mtu mzima tu kadi ya mchimbaji, lakini pori haliulizi kadi. Kama kambi zote ziko na masomo yaleyale, kwa mpango uleule, na mtoto anatembea na daftari ndogo yenye alama zake na namba ya somo la mwisho, anaweza kuendelea pale alipoachia. Daftari moja, sahihi ya mwalimu, basi.

Wako watakaotujibu: mnataka watoto wa Tshopo wabaki na redio wakati watoto wa Ulaya wako na kompyuta? Ni swali la haki, na hatulikimbii. Ku shule za sekondari za Makiso, pahali kuran inafika hata kwa kukatika-katika, sala ya kompyuta ina maana, tena ni deni tuliyo nayo kwa kijana anayetaka kuingia ku UNIKIS bila kuogopa klavye. Lakini hata kule, kazi ina mpangilio. Mtoto asiyejua kusoma mstari moja hatafundishwa na kioo kizuri. Atagusa picha, atafurahi, na atabaki vile alivyokuwa. Mtoto anayejua kusoma, siku kompyuta itafika, ataishika kwa siku mbili tu.

Jambo la feza sasa. Elimu ya msingi ku shule za Leta ni ya bure: Katiba ya 2006 inasema mu artikli ya 43, na tangu mwezi wa tisa 2019 Leta ilianza kuitekeleza. Basi mzazi asikubali kulipishwa feza ya tableti, ya karti, ao ya kuchaji, chini ya jina lolote. Mashine isikuwe mlango mpya wa kurudisha ile motivasheni iliyofukuzwa. Na tuseme ukweli wote: mwalimu ambaye Leta haijamwandika ku lisiti ya mshahara, kisha miezi mingi ya kungojea, anashika jembe na kwenda ku shimo kama wengine. Wachimbaji wanamjua, wanachimba naye. Hakuna bafle inayofundisha kalasi isiyo na mwalimu. Mshahara wake ndiyo kuran ya kwanza ya shule.

Feza inaweza kutoka wapi? Kode ya madini iliyopitiwa mwaka 2018 iko wazi. Redevansi ambayo makampuni yenye ruhusa ya kuchimba yanalipa inagawanywa: 50 kwa mia inaenda ku serikali ya kati, 25 ku provensi, 15 ku sekteri, shefri ao komini pahali machimbo yako, na 10 ku mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya pale, kampuni inapaswa kutoa 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu. Pahali kuna kampuni, wazazi wako na haki ya kumwuliza shefu wa sekteri: ile 15 imefika? Imefanya nini? Pano ya jua kwa kila shule haitamaliza mfuko. Na pahali ni wachimbaji wa mikono tu, mnalipa vitu vingi ku barieri na ku shimo. Ombeni karatasi kwa kila franka. Feza isiyo na karatasi haijengi kalasi.

Sasa turudi ku jukwaa. Hatusemi walimu wetu wasiende ku mikutano. Waende! Kisangani iko na ISP, iko na UNIKIS, iko na wakaguzi na wakurugenzi wenye akili. Wakae chini ya meza gani wakati wengine wanasema juu yetu? Lakini anayepanda kwa jina la Tshopo abebe vitu vya kweli. Aseme watoto wangapi waliandikwa na wangapi walikuwa mu kalasi siku ya mvua. Aseme mashine gani iliharibika, nani aliitengeneza, na nani alilipa. Aseme mu kalasi ya nne wangapi wanasoma ukurasa moja bila kusaidiwa, mbele ya mradi na kisha mwaka moja. Aseme wasichana wangapi waliacha, na sababu. Na kama mradi ulianguka, aseme ulianguka. Hakuna maneno yenye faida kwa wengine kupita yale ya mtu anayeonyesha shimo tupu na kusema: hapa msichimbe, sisi tulikwisha kupoteza nguvu.

Tunaomba mambo matatu, na tunayaomba kwa heshima.

Kwa wakubwa wa elimu ya provensi: mbele ya kutuma mtu Dar es Salaam ao Kigali, fanyeni mkutano hapa Kisangani, siku mbili tu, wakati wa likizo kubwa. Mwalimu wa Bafwasende, wa Banalia, wa Ubundu, wa Opala apande ku jukwaa. Asiwe na picha za ku ukuta. Awe na daftari ya kuita majina. Mlipieni motadi na chakula. Kisha mchague kati yao wale wa kwenda mbali. Na watakaporudi, wafanye tena ile hotuba mbele ya wazazi, mu Kiswahili na mu Lingala, na wazazi waulize maswali.

Kwa wenye miradi: msije na katoni ya kwanza mbele ya kuuliza nani ataitengeneza. Mu kila kambi kuna kijana anayefungua telefoni na kuzitengeneza kwa sindano na moto kidogo. Mfundisheni yule, mmpe vipuri. Mradi usio na mrekebishaji wa palepale ni zawadi ya mwaka moja.

Kwa ninyi wazazi: kesho asubuhi mnaweza kuanza bila kungojea mtu. Kaeni na mwalimu, mwenye nyumba ya video na mwenye meza ya kuchaji. Saa za masomo, filimu isionyeshwe kwa mtoto. Mwenye pano achaji telefoni ya mwalimu bure, na ninyi mumlipe kwa njia mtakayopatana. Mtoto asitoke kambi bila daftari yake kutiwa sahihi. Komite ya wazazi iandike yale yote mu buku, na tarehe.

Zahabu mnayotoa haihesabiwi mpaka iwekwe ku mizani, na mnajua hasara ya kuacha mwingine apime peke yake. Masomo ya watoto wenu nayo yana mizani: mtoto asome mbele yenu, kwa sauti, ukurasa ambao hajaukariri. Mradi wowote utakaokuja, na tableti ao na redio, mwiteni mwenyewe kisha mwaka moja, mketi pamoja naye, mumsikilize mtoto.